Shule kongwe na joto la madarasani: tufungue njia za hewa tulizoziba kabla ya kununua viyoyozi

Wanajamvi, salaam.

Kila msimu wa kaskazi unapoingia, kati ya Desemba na Machi, kamati za shule za Dar es Salaam, Pwani, Tanga na Lindi hurudia ombi lile lile kwa wazazi na kwa halmashauri: fedha za mapanga boi, na kwa shule zenye uwezo zaidi, fedha za viyoyozi. Ombi lenyewe lina msingi. Mtoto anayekaa saa saba mchana chini ya bati lisilo na dari, akiwa amebanana na wenzake sitini, hafundishiki, na mwalimu wake naye anachoka kabla ya kipindi kwisha. Hata hivyo, majengo mengi tunayotaka kuyawekea mitambo yalijengwa yakiwa na njia zake za hewa. Njia hizo tumeziba wenyewe, kidogo kidogo, kila tulipofanya ukarabati. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza itumike kuzifungua.

Ninaposema shule kongwe nina maana ya aina mbili za majengo. Aina ya kwanza ni yale ya Wajerumani, Waingereza na wamisionari, kama yanavyoonekana Tanga, Tabora, Malangali na Minaki: kuta nene, dari iliyo juu sana, baraza ndefu, na madirisha yanayotazamana pande mbili za chumba. Aina ya pili ni madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakati taifa lilipokuwa likikimbilia Elimu ya Msingi kwa Wote, pamoja na yale ya MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) kuanzia 2002. Hayo ya pili yalijengwa kwa haraka na kwa fedha kidogo, kwa hiyo mengi yana bati juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) bila dari, na mahali pa madirisha pana matundu tu. Tukiyarekebisha majengo ya aina zote mbili kwa namna moja, tutapoteza fedha.

Tuanze na ya kwanza, kwa sababu ndiyo yanayoharibiwa zaidi na ukarabati wenyewe. Dari ya mita nne iliwekwa pale kwa kazi maalumu. Hewa iliyopashwa moto na miili ya wanafunzi hupanda, hukusanyika juu ya vichwa vyao, kisha hutokea kwenye matundu yaliyo karibu na dari, huku hewa ya nje ikiingia kupitia madirisha ya chini. Baraza huzuia jua lisiguse ukuta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana la Desemba hupita kusini mwa utosi na la Juni hupita kaskazini. Ndiyo maana wajenzi makini waliweka baraza au upenu mpana pande zote mbili, na wakakwepa kuweka madirisha makubwa upande wa mashariki na wa magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa limelala na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Upande wa upepo nao haukuachwa nyuma: chumba chenye madirisha yanayotazamana hupata kaskazi mwanzoni mwa mwaka na kusi kuanzia Aprili.

Kuna ushahidi wa kisayansi kwamba wazee hao hawakukosea. Watafiti waliopima mzunguko wa hewa katika hospitali nane za Lima, nchini Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, waligundua kwamba vyumba vya majengo yenye umri wa zaidi ya miaka 50, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, hewa yake ilibadilika takriban mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi, wakati vyumba vya kisasa vinavyotegemea madirisha vilipata takriban mara 17. Walichokuwa wakikitafuta ni njia ya kupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Sisi tuna ugonjwa huo huo, na madarasa yetu hujaza watoto wengi kuliko wodi yoyote.

Sasa tazameni tunachofanya tunapokarabati. Dari ya zamani ikioza, fundi hushauri jipsamu, na kwa kuwa jipsamu hupendeza ikishushwa, chumba kilichokuwa na mita nne hubaki na mita mbili na nusu. Popo wakiingia kupitia matundu ya juu, matundu hupigwa lipu badala ya kuwekewa wavu. Madirisha ya luva ambayo vioo vyake vimevunjika huondolewa, na mahali pake huwekwa aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la namna hiyo, hata ukilisukuma hadi mwisho, hufunguka nusu tu ya eneo lake. Kompyuta zikiibwa, nusu ya dirisha hujengwa matofali.

Darasa la namna hii ukiingia baada ya kipindi cha nne, unaanza kulisoma kwa pua kabla ya macho. Ukutani, chini kidogo ya dari mpya, utaona alama za mstatili ambapo lipu imepishana rangi na ukuta wa zamani: hapo ndipo yalipokuwa matundu. Madawati ya nyuma yamesogezwa karibu na mlango, kwa sababu watoto wamegundua wenyewe mahali pekee ambapo hewa inapita.

Niweke hesabu kidogo ili tusibishane kwa hisia. Chukulieni darasa la mita 9 kwa 7, lenye kimo cha mita 3 na wanafunzi 60. Mwili wa mtoto aliyekaa hutoa joto la kiasi cha wati 70, hivyo darasa zima hutoa zaidi ya wati 4,000, kana kwamba mmewasha pasi nne za umeme na kuziacha katikati ya chumba. Hiyo ni kabla ya kuhesabu bati. Kila mtoto pia hutoa hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa hiyo kwa kila milioni. Darasa hilo likifungwa kabisa, kiwango kitapita 1,000 katika muda usiofika dakika 10, na kitaendelea kupanda hadi wanafunzi waanze kusinzia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021 uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa sekunde katika majengo yasiyo ya makazi. Kwa watoto 60 hiyo ni lita 600 kwa sekunde, maana yake hewa yote ya chumba ibadilike mara 11 na zaidi kila saa.

Hesabu hiyo inatisha hadi utakapoona namna inavyotimizwa. Ukiwa na eneo la wazi la mita 2 za mraba upande wa upepo na jingine kama hilo upande wa pili, upepo mwanana wa mita 1 kwa sekunde unatosha kupitisha takriban lita 600. Hakuna umeme uliotumika hapo. Eneo lenyewe ni dogo kuliko madirisha mawili ya kawaida, ila liwe wazi kweli na liwe pande mbili.

Sasa paa, ambalo kwa madarasa ya aina ya pili ndilo chanzo kikuu cha mateso. Bati lililoshika kutu hunyonya jua na mchana hufika zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Joto hilo halihitaji hewa ili limfikie mtoto. Humwangukia moja kwa moja kichwani kama mnururisho, na ndiyo sababu darasa lisilo na dari huchosha hata upepo ukiwa unapita. Bati jipya la kung'aa huakisi jua, lakini lenyewe ni zito kuachia joto lililokwisha kuingia, kwa hiyo nalo huwaka. Rangi nyeupe ya paa hufanya mambo yote mawili, huakisi na huachia. Naomba kamati zinazochagua mabati ya rangi zilifikirie hilo kabla ya kuchagua nyekundu iliyokoza au kijivu cheusi kwa kuwa kinapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Chini ya bati pawe na dari, hata ya ubao mwembamba, na kati ya bati na dari pawe na nafasi inayopumua: matundu yenye wavu chini ya upenu, na kofia ya paa iliyoinuliwa kidogo ili hewa ya moto itoke juu. Dari iliyofungwa kila upande hupunguza joto kwa saa chache, kisha huligeuza darasa kuwa tanuri.

Baada ya paa na madirisha, ndipo tuzungumze panga boi. Panga boi halipozi hewa. Huharakisha jasho kukauka, na mtu huhisi kana kwamba joto limepungua kwa takriban nyuzi 3. Kwa Pwani, ambako joto la mchana wa Februari huwa kati ya nyuzi 31 na 33 pamoja na unyevu mwingi, nyuzi hizo 3 zina thamani kubwa.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja, hasa mlioshiriki ujenzi kwa fosi akaunti, yaani ule unaotumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi.

Mzazi wa Kinondoni:
Mtoa mada, nashukuru kwa uchambuzi. Mimi nina mtoto katika shule binafsi iliyoweka viyoyozi madarasa yote, na ada ikapanda. Wazazi wengi tuliunga mkono kwa sababu shule iko kando ya barabara kuu yenye vumbi na kelele. Kwa mazingira kama hayo bado unasema madirisha yafunguliwe?

Mleta uzi:
Mkuu, swali lako ni zito na linastahili jibu la uangalifu. Kiyoyozi cha ukutani tulichokizoea kinazungusha hewa ile ile iliyomo chumbani. Kinaipoza na kuikausha, lakini hakiingizi hewa mpya. Kwa hiyo darasa lililofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi linaweza kuwa na ubaridi mzuri huku hewa yake ikiwa chafu kuliko darasa la jirani linalotoka jasho. Mtoto mmoja akija na mafua au surua, wote wanavuta alichopumua. Kando ya barabara yenye vumbi, nashauri mambo mawili. Madirisha ya upande wa barabara yafungwe, na yale ya upande wa uwanja yafunguliwe pamoja na matundu ya juu. Na kama shule ina uwezo wa kulipia viyoyozi, basi iwe na uwezo wa kuweka feni ya kuingiza hewa yenye kichujio, ambayo gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mitambo yenyewe. Ombeni pia shule inunue kipimo cha kabonidayoksaidi. Ni kifaa kidogo cha mezani, na kikisoma zaidi ya 1,500 saa nne asubuhi, mazungumzo yenu na uongozi yatakuwa mafupi.

Siwapingi wanaotaka kupoza. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliotazama matokeo ya wanafunzi milioni 10, ulionyesha kwamba katika shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ukiwa na joto zaidi kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti, kiasi wanachojifunza wanafunzi hupungua kwa takriban asilimia 1. Na mwezi Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Katika joto la namna hiyo hata panga boi halisaidii, kwa kuwa hewa inayopulizwa ina joto kuliko mwili. Sisi wa Pwani hatujafika huko, ndiyo maana nasema tuna nafasi ya kutumia njia nafuu ipasavyo.

Fundi umeme:
Naongeza upande wangu. Shule nyingi za zamani zilifungiwa umeme kwa ajili ya taa mbili au tatu kwa kila darasa, na waya uliomo ukutani ni mwembamba. Kamati zinanunua mapanga boi, kisha zinaita kijana wa mtaani ayaunganishe kwenye swichi ya taa. Nimekuta viungio vimeyeyuka. Kiyoyozi ndiyo kabisa.

Mleta uzi:
Fundi, umesema jambo ambalo lingepaswa kuwa kwenye andiko la kwanza. Panga boi moja la kawaida hutumia takriban wati 70. Mapanga boi manne kwa darasa, kwa shule yenye madarasa manane, ni wati 2,240 tu kwa jumla, wakati kupoza darasa moja lenye watoto 60 kwa kiyoyozi kunaweza kudai zaidi ya wati 3,000. Kwa hiyo mapanga boi ya shule nzima yanakula umeme mdogo kuliko kiyoyozi cha darasa moja, ila hata hiyo wati 2,240 inahitaji laini yake, breka yake na waya unaostahili. Aidha, panga boi lisifungwe kwenye papi, yaani zile mbao nyembamba za kupigilia bati. Lifungwe kwenye kenchi yenyewe, au kwenye mbao iliyoongezwa kati ya kenchi mbili, kwa bolti inayopenya hadi upande wa pili, na mapanga yake yawe juu ya mita 2.4 kutoka sakafuni. Hapa ndipo dari iliyoshushwa inapotuadhibu mara ya pili, kwa sababu panga boi likining'inia kutoka mita mbili na nusu, mwanafunzi mrefu wa kidato cha nne akiinua mkono analigusa.

Mwalimu wa Makete:
Ninyi mnalia joto. Huku kwetu Juni na Julai watoto wanaandika wakiwa wamevaa majaketi mawili, na asubuhi nyingine nyasi zina barafu. Madirisha tunayafunga wenyewe kwa magunia. Mabwenini ndiyo hatari zaidi, maana wanafunzi huingiza jiko la mkaa kwa siri.

Mleta uzi:
Mwalimu, pole sana, na ninaomba jambo la jiko lipewe uzito wa kwanza kuliko yote yaliyosemwa katika uzi huu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kujiokoa. Bweni la baridi lisipewe jiko kwa hali yoyote. Lipewe dari, kwa sababu joto la miili ya wanafunzi wenyewe, zile wati 70 kwa kila mmoja, linatosha kuinua joto la chumba kilichozibwa vizuri kwa juu. Juu ya dari muweke kitu chochote kikavu kinachozuia joto lisipotee. Chini, mzibe nyufa za milango na madirisha. Matundu ya hewa yabaki, lakini yawe karibu na dari, ili hewa ya baridi ichanganyike na ya moto kabla ya kumfikia mtu kitandani. Kwa madarasa, madirisha ya upande wa kaskazini ndiyo yanayopokea jua la Juni, kwa hiyo yawe ya kioo na yasizibwe na magunia. Magunia yabaki upande wa kusini.

Na kwa kuwa tumegusa mabweni: yeyote anayebadili madirisha ahakikishe angalau dirisha moja kila upande lina grili inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Hakuna sababu ya wizi inayoweza kuhalalisha dirisha lisilotoka mtu.

Mdau wa Kilifi:
Kwetu Kenya asbesto ilipigwa marufuku mwaka 2006, lakini bado kuna majengo ya zamani yaliyoezekwa nayo. Je, paa la asbesto linaweza kutobolewa ili kuweka hayo matundu unayoyasema?

Mleta uzi:
Ndugu, hapana. Asbesto isitobolewe, isikatwe na isisuguliwe ili ipakwe rangi. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, hukaa mapafuni kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Paa ambalo bado ni zima ni salama zaidi likiachwa lilivyo hadi litakapoondolewa lote, na liondolewe na watu wenye vifaa, kwa kulilowesha maji, bila kulivunjavunja, wakati wa likizo ambapo hakuna mwanafunzi karibu. Kwenu muwaone NEMA, mamlaka ya mazingira. Kwetu Tanzania ni NEMC, baraza la mazingira, pamoja na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Nasisitiza pia kuhusu vipande, kwa kuwa vipande vya paa la zamani huonekana vikiwa vimetandazwa kwenye njia za shule wakati wa masika ili watoto wasikanyage tope. Kila kiatu kinachopita juu yake kinasaga nyuzi hizo.

Mjumbe wa kamati ya shule:
Sisi ni shule ya msingi ya serikali. Ruzuku ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Tukipata fedha kidogo ya wazazi, tuanze wapi?

Mleta uzi:
Mjumbe, anzeni na kazi ambayo gharama yake kubwa ni nguvu kazi. Fungueni matundu yaliyopigwa lipu na muweke wavu imara wa chuma kuzuia popo. Kinyesi cha popo kilichokauka juu ya dari kisifagiliwe kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kuwa na vimelea vya fangasi wanaoshambulia mapafu. Kiloweshwe kwanza na wafanyao kazi wavae barakoa. Toeni matofali kwenye madirisha, na mahali ambapo wizi unasumbua, wekeni grili inayofunguka. Hatua ya pili ni rangi nyeupe ya paa, mkianza na darasa lenye watoto wengi na lile ambalo ukuta wake mrefu unatazama magharibi. Dari ni hatua ya tatu, na hapo ndipo mtakapohitaji halmashauri. Pandeni miti upande wa magharibi mwaka huu huu, mbali kidogo na msingi, maana kivuli chake kitachukua miaka kufika.

Kazi ya paa ifanyeni likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha, kwa kuwa ya Desemba inaweza kuwakuta na mvua za vuli bado zikinyesha. Kabla ya kugusa chochote, nunueni vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kitundikeni katika darasa mtakalorekebisha na kingine katika darasa linalofanana nalo mtakaloliacha, vyote katika kimo cha kichwa cha mtoto aliyekaa na mbali na jua, na mwalimu wa zamu aandike joto saa nne, saa saba na saa tisa kila siku ya masomo, tangu Februari, kisha mwendelee Februari inayofuata. Daftari hilo mliambatishe na barua ya kuomba dari. Mhandisi wa halmashauri akifika kukagua, atakuta tayari tofauti ya nyuzi kati ya madarasa hayo mawili imeandikwa kwa tarehe.